Aliye Ndani Hapigi Hodi

Chumbageni, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Feni inasukuma joto kutoka kona hii kwenda ile.
Nimeandika moduli, mistari mia mbili na kumi,
nimeipenyeza kwenye kiini cha mfumo
kama anayetia uzi kwenye sindano gizani.

Shida yangu ndogo. Nataka kuliuliza faili moja,
daftari la mikopo la wakulima wa machungwa, Muheza:
ukubwa wake, ni la nani,
lini liliguswa mara ya mwisho.
Silifungui. Sitaki kusoma lililomo.

Programu zote za nje zinajua adabu:
hufika mlangoni, hupiga hodi,
kiini huitika karibu, huzipakulia
kwenye sahani zilizokuja nazo.
Nami nikapiga hodi vilevile.
Skrini ikawa nyeusi. Kisha herufi nyeupe, safu kwa safu,
kama mchwa waliokanyagiwa kichuguu.
Mashine ikanifia mikononi saa tano na robo.

Kiluwa, upande wa pili wa meza, anatafuna kashata,
hakuinua hata uso:
"We dada, uko ndani ya nyumba. Unampigia nani hodi?"

Kweli. Anwani niliyoishika ilikuwa ya barazani;
huku ndani haina maana,
sawa na kumtafuta mtu Usagara
kwa namba ya nyumba ya Ngamiani.
Nikaanza upya. Kwa miguu.
Kutoka mzizi, saraka baada ya saraka,
kila kona nikiuliza jina linalofuata,
hadi nikalifikia jalada lenyewe.

Jalada. Neno la mama.
Miaka kumi na tisa masijala ya ardhi,
kidole gumba kina wino usiotoka hata kwa ndimu.
Walipokuja mabwana kuulizia kiwanja
hakufungua faili. Aliligeuza tu kwenye mwanga:
"Hili lilitoka Jumanne. Limerudi limenenepa.
Kuna karatasi imeingia, na si mimi niliyeitia."
Nyumbani hakutusimulia yaliyomo, kamwe.
Alijua uzito.

Na hili alilijua kabla yangu:
faili halina jina lake. Lina namba.
Jina limeandikwa kwenye rejista, kwa wengine,
na laweza kuwa na majina mawili, matatu,
kama baba, aliyekuwa Mhina hapa na Salehe kule Pangani,
na siku ya matanga tukawahesabu wajane
kwa kuhesabu majina.
Jina la mwisho likifutwa
na hakuna mkono uliolishika,
ndipo faili hufa.

Saa nane usiku na dakika kumi na tatu,
si leo, Alhamisi iliyopita,
ndipo daftari la machungwa lilipoguswa.
Ukubwa: pungufu ya nakala ya Jumatano
kwa baiti arobaini na nane.
Mstari mmoja. Deni la mtu mmoja.
Mmiliki: sifuri.

Sifuri si mtu. Sifuri ni ufunguo mkuu,
na ofisini kwao nimeuona kwa macho yangu,
umeandikwa kwa kalamu nyekundu
kwenye karatasi iliyogandishwa chini ya kibodi.
Wanne wanautumia. Watano, ukimhesabu anayefagia.

Nimepata nilichokitafuta, na sina kitu.

"Umerudisha?" anauliza Kiluwa.
Maana huko ndani ukishika jalada sharti uliachie,
mshiko mmoja, mwachio mmoja,
la sivyo mfumo utadhani bado unalo
na hautalizika milele.
Natazama. Sikurudisha. Naongeza mstari.

Mama angesimama pale saa nzima,
taa zimezimwa, bawabu anakohoa makusudi,
akingoja faili moja la kiwanja cha Makorora
lirudi kabatini
kabla hajafunga.